Sifa Alizopewa Mrina Asali wa Kaniha

Mmeniletea makala zenu nizisome, na nimezisoma zote. Nilizima redio, nikavaa miwani, nikakaa barazani tangu chai ya asubuhi mpaka ng'ombe wa jirani waliposhuka kwenda kunywa maji, na sasa nina hasira. Mkubwa wa klabu yenu ya uandishi aliniambia kwamba mnaandika habari za watu wa kawaida na mahali tunapoishi. Nimewatafuta hao watu wa kawaida humo ndani, sijawaona. Nimeona wapambanaji. Nimeona vinara, wajasiriamali, mifano ya kuigwa, na bibi mmoja wa Keza ambaye mjukuu wake amemwita nguzo imara ya jamii.

Binti, bibi yako namfahamu. Ana goti bovu, anadokoa ugoro wa mumewe, na msimu wa maharage akikuona mikono mitupu anakupa ungo upepete, hata kama umekuja kuleta habari ya msiba. Huyo ndiye niliyetaka kukutana naye kwenye karatasi yako, wewe ukaniletea nguzo. Nilisoma mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa.

Kabla hamjaninunia, nawaambia ninayosema nimeyapata wapi. Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima Biharamulo wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na baadaye nikatiwa kwenye kazi ya kuandika katika gazeti dogo la vijijini, lile waliloandikiwa watu wazima waliokuwa wametoka tu kujifunza kusoma. Lilichapwa mjini, likaja na basi, likachelewa, likasomwa kwa sauti chini ya paa la ofisi ya kijiji, kisha likaishia kufungia dagaa. Nilipewa ukurasa wa nyuma. Kila toleo mtu mmoja: mfinyanzi, mchunga ng'ombe, mkunga, fundi baiskeli. Nilizunguka na baiskeli yangu Biharamulo yote na Ngara yote, na milima ya Ngara haijali wewe ni mwandishi, unashuka unasukuma.

Nianze na penseli, maana mmeicheka mliponiona nayo. Kalamu ya wino ikinyeshewa hukuachia daftari lenye mawingu ya buluu, na wewe huna hata jina la mtu uliyelala kwake. Penseli hainyeshewi. Tena kalamu siku zile ilikuwa na sifa mbaya. Aliyetoa kalamu mbele ya mlango wako alikuwa ama mtu wa kodi, ama mtu anayeandika nani ahamishwe na nani avunjiwe nyumba. Hilo mimi sikulijua nilipoanza. Nilikwenda Keza kwa bibi mmoja mfinyanzi, nikaamkia, nikakaa, nikachomoa kalamu na kuuliza ana umri gani na ana mifugo mingapi. Bibi akajibu kwamba yeye ni fukara, hana hata kuku, na mbuzi hajawahi kumfuga tangu azaliwe. Wakati anasema hayo mbuzi wake alikuwa anatafuna kamba ya kiatu changu. Tuliangaliana, yule bibi na mimi, na hakuna aliyemtaja mbuzi.

Aliyeniokoa na ujinga huo alikuwa Mama Eudosia, Mhangaza wa hukohuko, mwalimu wa kisomo aliyefundisha akina mama kusoma huku mwenyewe ananyonyesha. Niliporudi kwake na ukurasa wangu wa mfinyanzi asiye na mbuzi aliusoma, akanirudishia, akaendelea kumenya ndizi. Baadaye ndipo akaniambia kwamba kwao mgeni hakai tu akaanza kuuliza. Mwenye nyumba anakuletea rubisi, pombe yao ya ndizi, anaonja yeye mbele ya macho yako ujue haina neno, ndipo anakupa. Kama hunywi, unaletewa togwa, na utaratibu ni uleule. Ukitoa kalamu kabla ya kuonjewa, umewaambia wenyeji kwamba hukuja kwao, umekuja kwa ajili yao, na watu wa ujamaa walikuwa wamekwisha kuchoka na waliokuja kwa ajili yao.

La pili alilonifundisha ndilo lililofanya niwaite leo. Akasema kila nikimaliza kumwandika mtu, nirudi nimsomee kabla sijapeleka gazetini. Nikamwambia nitafanya hivyo, nitamwita mwenyewe pembeni nimsomee. Akatikisa kichwa.

"Akisomewa peke yake atakubali kila kitu," alisema. "Atakubali kwa adabu, kwa sababu wewe ni mgeni na umeshika karatasi. Waite majirani. Majirani hawana adabu kwa jirani yao."

Jaribuni siku moja muone. Unasoma kwamba mzee fulani huamka alfajiri kabla ya wote, mke wa jirani anaangua kicheko, na hapo umejua alfajiri hiyo ni saa ngapi. Unasoma kwamba alijijengea nyumba kwa mikono yake mwenyewe, vijana watatu wananyanyuka wanauliza sisi tulikuwa tunafanya nini. Mwenye habari naye anapata nafasi ya kubisha, kucheka, kukasirika, kusema hilo toa. Akisema toa, unatoa. Hiyo ilikuwa sheria ya Mama Eudosia na sikuivunja. Nyinyi mnamwandika mtu kwa simu, mnamrusha mtandaoni akiwa shambani, na yeye hata simu ya kuonea hana. Halafu mnaniambia amefurahi. Mmejuaje?

Wenzangu wa gazeti walinicheka vilevile. Wao walikuwa na njia fupi. Kulikuwa na mmoja aliyetumwa kuandika habari za mkulima bora huko Nyarubungo. Alifika, akapokewa na mwenyekiti wa kijiji amevaa koti kwenye jua kali, akapelekwa kwenye shamba la mihogo lililonawiri, mwenyekiti akasimama katikati ameshika jembe, picha ikapigwa. Lilipotoka gazeti, kila aliyekuwa na macho aliona karatasi ya dukani bado imebandikwa kwenye bapa la jembe. Shamba nalo lilikuwa la mjane aliyekaa nyuma ya ofisi, na mwenyekiti hakuwa hata na tuta moja la viazi. Watu wa Nyarubungo walilisoma toleo lile mpaka likachanika, kwa kucheka. Mwenzangu alipongezwa mjini kwa makala yenye kuhamasisha. Neno hilo mpaka leo nikilisikia natafuta mahali pa kutema mate.

Mtu ninayetaka kuwaambia habari zake ni Mzee Gaspari wa Kaniha, mrina asali. Aliletwa nchini na wazazi wake kutoka Rwanda wakati wa ile njaa yao kubwa ya enzi za mkoloni, kijana tu, wakakaa pembeni mwa msitu. Akaoa Msubi, mwenyeji wa hapo, na kwa wakwe zake akajifunza nyuki. Alichonga mizinga ya magome, akaitundika juu ya miti mbali huko ndani, na wakati wa kurina alipanda na mwenge wa nyasi kavu na magome, akafukiza kidogokidogo. Moshi ukiwa mwingi unaua nyuki na asali inanuka, alisema, na aliwadharau warina wote waliowasha moto kama wanaochoma mkaa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kicheko cha puani, na nilimpenda tangu siku aliponiambia nishike ngazi nikaumwa nyuki sikioni naye akanipaka asali palepale, akilamba vidole kati ya neno na neno la pole.

Sasa sikilizeni kasoro yake, maana ndiyo habari yenyewe. Mzee Gaspari alikuwa anapotea. Zamani, alipokuwa anaishi kwenye makazi yake ya awali pembeni mwa msitu, aliijua mizinga yake kuanzia mlangoni kwake: ukitoka, uache jiwe kushoto, ufuate bonde. Watu walipohamishwa na kupangiwa nyumba kwa mstari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha, mlango wake ukawa mahali pengine, ukatazama upande mwingine, na kwake yeye msitu mzima ukawa umegeuzwa. Mizinga ilikuwa palepale, yeye ndiye hakuwa palepale. Basi akaanza kufunga vifundo vya kamba za magome kwenye matawi, kutoka njia kuu hadi mzingani, ili aweze kurudi. Na bado alipotea.

Kubwa kuliko zote ni siku ya wakwe. Mwanawe alikuwa anaposa, na wakwe watarajiwa wakatuma habari kwamba watakuja kunywa na kuzungumza. Mzee Gaspari akaingia msituni asubuhi kuleta asali ya heshima. Wakwe wakafika, wakakaa, wakanywa rubisi yote, wakatazamana, wakaondoka wamevimba. Yeye alikuwa anazunguka. Siku ya pili yake akatokea Nyarubungo, ametoboka nguo, amebeba kibuyu cha asali, anauliza watu njia ya kurudi nyumbani kwake.

Hayo yote niliyaandika. Niliandika moshi mdogo, vifundo, siku ya wakwe, na jinsi mlango ulivyogeuza msitu. Kisha nikarudi Kaniha kumsomea, mchana, barazani kwake. Majirani wakaja. Alikuwepo Bi Koleta wa nyumba ya pili, mama mwenye mdomo usio na kufuli, amekuja na maharage yake ya kupukuchua. Alikuwepo Mzee Ismaili, mshona mikeka, Mwislamu mstaarabu, ameshika kikombe chake cha togwa. Na wengine wengi, waliokuja kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama.

Nilipofika kwenye siku ya wakwe baraza zima lilivunjika mbavu. Bi Koleta alilia machozi, maharage yakamwagika. Mzee Gaspari hakucheka. Alitazama miguu yake, na kicheko kilipotulia akaniomba, kwa sauti ndogo, hapo pa kupotea nipaondoe. Alisema gazeti linakwenda mbali, mjukuu wake anaweza kulisoma. Nikatoa penseli nipige mstari. Sheria ni sheria.

Mzee Ismaili ndiye aliyeweka kikombe chini. "Ukitoa hapo, huyu uliyemwandika ni nani?" akaniuliza. "Mimi simjui. Wa kwetu anapotea."

Mzee Gaspari akawaza. Mkewe alikuwa mlangoni anajifuta macho na kanga, na alikuwa amecheka kuliko wote. Mwisho akatoa kile kicheko chake cha puani, akasema basi iacheni, kwa kuwa asali ya siku ile ilikuwa nzuri, na hilo niliandike pia. Nikaliandika. Nikapeleka.

Kilichotoka gazetini kilikuwa kitu kingine. Mhariri wetu alikuwa kijana aliyesoma sana na aliyekuwa na haraka ya kupandishwa cheo. Alikata wakwe, akakata vifundo, akakata mlango. Penye tundu alilolitoboa akapaziba na maneno yake: kwamba ndugu Gaspari, shujaa wa msitu, anazijua njia zote mpaka mpakani, hata kwenye giza, na moshi wake huonekana kutoka mbali kama ishara ya juhudi. Nilipanda basi kwenda mjini kumwuliza. Alinitazama kwa huruma. Akaniambia mkulima wa kijiji cha ujamaa hapotei njia, na kama anapotea kwa sababu ya kuhamishwa, je, mimi nataka kusema nini juu ya kuhamishwa? Kisha akanipa chai. Chai ilikuwa na maziwa, nakumbuka, kwa kuwa nilitamani kuimwaga kwenye meza yake na nikainywa.

Na hapa msije mkadhani Mzee Gaspari alikasirika. Alifurahi! Aliukata ule ukurasa, akaubandika ukutani kwa uji, juu ya kitanda. Nilipomtembelea akanionyesha kana kwamba si mimi niliyeandika. Shujaa wa msitu. Bi Koleta alipopita alikuwa anamwita shujaa, naye anaitika. Sifa ni tamu, mimi siwakatazi kuzipenda, nawakataza kuzigawa ovyo.

Halafu vita ikaja. Nyinyi mmeisoma shuleni kwa mistari michache, kwamba nduli alivamia Kagera na akafukuzwa. Sisi tulikuwa na vijana wetu waliopanda malori wakiimba, tulikuwa na redio iliyozungukwa na kijiji kizima, taa tulizofunika na makopo, na hofu. Hofu ndiyo haikuandikwa vitabuni. Kila aliyekuwa na asili ya ng'ambo ya mpaka aliangaliwa upya, hata kama ni ng'ambo nyingine kabisa na vita haikumhusu. Watu waliokula pamoja miaka yote walianza kuulizana huyu hasa alitoka wapi. Nilidharau jambo hilo wakati ule na nalidharau sasa.

Kaniha ililetewa kamanda wa mgambo kutoka mbali, mtu asiyemjua yeyote. Mgambo wake waliona moshi msituni, mwembamba, unapanda. Wakaufuata, wakakuta vifundo kwenye matawi, kimoja baada ya kingine, vinaelekea ndani. Vifundo vikawafikisha kwa Mzee Gaspari, juu ya mti, ana mwenge mkononi. Wakamteremsha. Wakaenda nyumbani kwake kupekua, na juu ya kitanda wakakuta gazeti linalowaambia, kwa maandishi ya chapa, kwamba mtu huyu anazijua njia zote mpaka mpakani hata kwenye giza, na moshi wake ni ishara.

Nilifuatwa Biharamulo mjini na mgambo mwenye baiskeli, kwa sababu jina langu lilikuwa chini ya makala. Nilimkuta Mzee Gaspari amekaa chini nje ya ofisi ya kata, mikono imefungwa na kamba zake mwenyewe za magome. Aliniamkia. Mzee mzima, amefungwa, anamwamkia kijana aliyemsababishia hayo, na mimi nikabaki natazama zile kamba. Kulikuwa kunasubiriwa lori la kumpeleka. Wapi, hakuna aliyesema, na hakuna aliyetaka kuuliza. Tulichojua ni kwamba waliopandishwa malori hayo kwa jina la ujasusi hatukuwa tumemwona hata mmoja akirudi kuchukua jembe lake.

Kamanda akanisomea sentensi ile kwa sauti, polepole, kidole juu ya karatasi. Akaniuliza kama nimeandika mimi.

"Jina ni langu," nikamwambia. "Maneno hayo si yangu."

Akaniuliza kama ninasema gazeti la serikali limeandika uongo, tena wakati wa vita. Aliuliza bila kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Niliogopa, vijana. Ningesema ndiyo, tungepanda lori wawili. Ningesema hapana, angepanda yeye peke yake.

"Afande, usiniulize mimi," nikasema. "Mimi ni mwandishi, sote hatuaminiki. Waulize waliokuwepo nilipomsomea. Waite mmoja mmoja, wasisikilizane."

Sijui kwa nini alikubali. Labda lori lilikuwa limechelewa na alikuwa hana la kufanya. Akatuma waitwe.

Bi Koleta alifika na ungo wake, kwa kuwa hakujua kutembea bila ungo. Kamanda akamwuliza siku ile ya gazeti ilisomwa habari gani ya mtu huyu. Bi Koleta akamtazama kamanda kama mtu aliyeulizwa kama jua lina joto.

"Habari ya kupotea," alisema. "Huyu, afande? Huyu akienda kuchimba dawa tunamwangalia asipotee. Nyinyi mnasema anajua mpaka?"

Akaeleza wakwe, rubisi, Nyarubungo, mlango uliogeuka, vifundo vya kumrudisha nyumbani, vyote, bila mpangilio na bila kuombwa. Akatolewa. Akaingia Mzee Ismaili, akavua kofia, akaeleza habari hiyohiyo kwa heshima na kwa ufupi, akaongeza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka isiondolewe. Wakaja wengine. Kila mmoja alikuwa na kipande chake alichokipenda. Mmoja alikumbuka asali ilikuwa nzuri. Mmoja wa mgambo wenyewe, mtu wa Nyarubungo, aliyekuwa amesimama na bunduki nyuma yetu muda wote, akakohoa, akaomba ruhusa ya kusema.

"Afande, kumbe ni huyu? Huyu alifika kwetu na kibuyu. Alikuwa anauliza: kwa Gaspari ni wapi?"

Kamanda akachukua gazeti, akatoka nje, na sisi tukamfuata. Akamgeukia Mzee Gaspari, ambaye kutoka pale alipokaa alikuwa amesikia aibu yake yote ikisomwa tena na hakuwa na mahali pa kuficha uso. Akaamuru afunguliwe mikono.

"Mzee," akamwambia, "nionyeshe mpaka wa Rwanda uko upande gani."

Mzee Gaspari akasimama. Akatazama jua, akatazama mlima, akatazama mlango wa ofisi, akageuka kidogo, akafikiri. Tulimwona anatafuta jibu la kweli kwa nguvu zake zote, maana alijua kwamba kuna jambo linategemea jibu hilo, na alikuwa mtu wa kuheshimu swali. Kisha akanyoosha mkono kwa uhakika kabisa kuelekea Mwanza.

Wa kwanza kucheka alikuwa yule mgambo wa Nyarubungo. Baada yake Bi Koleta, aliyekuwa amejibanza chini ya dirisha. Kamanda alijizuia, akajizuia, akainamisha kichwa juu ya gazeti, mabega yakaanza kutikisika. Mzee Gaspari peke yake hakucheka. Bado alikuwa amenyoosha mkono.

Lori lilipofika liliondoka na magunia ya mahindi tu. Mzee Gaspari alirudi nyumbani katikati ya Bi Koleta na Mzee Ismaili, mmoja kila upande, na mimi nyuma nasukuma baiskeli. Alikuwa amerudishiwa gazeti lake. Njiani akalichana vizuri, kipande kwa kipande, akaviringishia tumbaku. Shujaa wa msitu akavutwa akaisha kabla hatujafika kisimani.

Barazani kwake mkewe alileta rubisi, akaonja mbele yetu kama desturi. Mzee Ismaili akaletewa togwa. Tukanywa. Kisha Mzee Gaspari akaniomba nimsomee ile nyingine, ile yetu. Sikuwa nayo, ilibaki mjini kwa mhariri, labda ilikwisha kuwashia jiko. Nikamwambia nitaisema kwa kichwa. Nikaanza, na kila nilipokwama mtu alinikumbusha, na palipofika siku ya wakwe yeye mwenyewe ndiye aliyeieleza. Aliieleza vizuri kuliko mimi. Aliieleza huku analia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mhariri wetu alipandishwa cheo, kama alivyotaka. Nilisikia alihamishiwa ofisi kubwa na huko akaendelea kuandika juhudi za watu asiowajua. Mimi nilibaki na ukurasa wa nyuma mpaka gazeti lilipokufa, na tangu siku ile sikupeleka makala bila kuacha nakala kwa majirani. Mama Eudosia nilipomsimulia hakushangaa wala hakunipongeza. Aliniuliza kama Bi Koleta alikuwa amekwenda na ungo wake kwa kamanda. Nikasema ndiyo. Akasema hayo ndiyo ya kuandika.

Basi chukueni makala zenu, zipo hapo mezani chini ya jiwe. Sikuzipiga alama, maana hakuna cha kupiga alama kwenye mashujaa. Wewe binti wa Keza, yako nimeiweka juu. Bibi yako yu hai na majirani zake wako hai. Nenda kesho, uonjewe kwanza, unywe, halafu umsomee mbele yao wote. Ukifika pale penye nguzo imara ya jamii, nyamaza kidogo uwaache wacheke. Babu yako atataja ugoro. Mtu atataja goti. Hapo ndipo utoe penseli.